Wazazi wamechoka kuchangia, na mhazini ni mimi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Wawili wako shule ya msingi ya serikali hapa kijijini, mmoja darasa la pili na mwingine la sita. Mwaka jana wazazi walinichagua kuwa mhazini wa Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWAWA. Sikuomba. Walisema mama huyu ana duka, hesabu anazijua. Nilikubali kwa ajili ya huyu binti wa la sita, na nitakueleza kwa nini.

Shule yetu ina wanafunzi 412, wasichana ni 208. Choo chao kina matundu manne, na moja halina mlango, limezibwa kwa kiroba. Maji wanakuja nayo kwenye vidumu kutoka nyumbani. Tangu mwanangu avunje ungo, kila mwezi anabaki nyumbani siku tatu, mara nyingine nne. Mimi haniambii kitu, anasema kichwa kinamuuma. Aliyenifumbua macho ni jirani mwenye binti wa la saba: siku hizo wasichana wakubwa karibu wote hawaendi shule, maana hakuna pa kujisitiri.

Basi mkutano wa wazazi ukapitisha tujenge choo kipya cha wasichana, matundu sita na chumba kimoja cha kubadilishia chenye maji. Fundi akatupigia hesabu: milioni saba na laki mbili. Tukakubaliana kila kaya itoe 10,000. Kaya ziko kama 260. Leo ni mwezi wa saba tangu tuanze, zimetoa kaya 71, nyingine nusu nusu, na jumla niliyopokea ni 640,000.

Katikati hapo tukafanya harambee. Tulikodi turubai, viti na spika, tukapika chakula cha mgeni rasmi na msafara wake, gharama 280,000. Fedha taslimu siku ile zilipatikana 195,000. Ahadi zilisomwa za 2,100,000, watu wakapiga makofi. Mpaka leo katika zile ahadi zimelipwa 115,000 tu. Kwa hiyo nilichobaki nacho ni 670,000, na kiko kwenye simu yangu.

Hapo ndipo pananiumiza. Miaka mitatu nyuma wazazi walichangishwa madawati. Madawati hayakuonekana, mwalimu mkuu wa wakati ule akahamishwa, na hakuna aliyekuja kutuambia fedha zilikwenda wapi. Sasa mimi nikiongeza mzigo wa sukari dukani, watu wanasema hiyo ni pesa ya choo. Nimeambiwa maneno hayo kisimani, mbele ya watoto wangu.

Wiki iliyopita kamati ilikaa kutafuta njia nyingine. Mwenyekiti anataka watoto ambao wazazi wao hawajatoa warudishwe nyumbani mpaka walete. Mwingine anataka bahati nasibu ya mbuzi, tiketi 1,000. Vijana wanataka muziki wa usiku uwanjani pa shule, kwa kiingilio. Mwalimu mmoja kasema tuwape watoto bahasha wapite nyumba kwa nyumba. Kila neno lina watu wake na hatukufika popote.

Mume wangu ananiambia rudisha hiyo hela, jiuzulu, tulale usingizi. Shangazi, nijiuzulu? Na kama nikibaki, tutoe wapi fedha kwa watu waliochoka kutoa?

Mama Mhazini, Muheza

—

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maneno ya kisimani, na pole zaidi kwamba watoto waliyasikia.

Nianze na la kujiuzulu. Usijiuzulu kabla ya kusoma daftari mbele ya watu. Ukiondoka leo, hata ukirudisha kila senti, hadithi itakayobaki kijijini ni kwamba uliondoka ulipoulizwa. Soma kwanza. Baada ya hapo ukitaka kupumzika, pumzika, wala hakuna atakayekunyooshea kidole.

Na namna ya kusoma mnaijua tayari, kwa sababu kila msiba mnaifanya. Fikiria rambirambi. Mtu anakaa mlangoni na daftari, kila anayetoa anaandikwa jina lake na alichotoa, hata awe ametoa 500. Kabla watu hawajatawanyika, daftari linasomwa kwa sauti: zilizoingia, zilizotoka, sanda kiasi hiki, usafiri kiasi hiki, zilizobaki amekabidhiwa fulani. Je, umewahi kusikia kijijini kwenu mtu ameliwa rambirambi na watu wakakaa kimya miaka mitatu? Haiwezekani, kwa sababu hesabu ilifungwa mbele ya macho ya wote siku ileile. Madawati yenu hayakusomwa. Choo chenu nacho, kwa miezi saba, hakijasomwa. Kosa hilo si lako peke yako, ni la kamati nzima, lakini wewe ndiye unayelibeba, kwa hiyo wewe ndiye wa kuanza kulitua.

Itisheni mkutano. Soma majina 71, moja moja, na kiasi cha kila mmoja. Soma gharama za harambee bila kuficha turubai wala kuku wa mgeni rasmi. Kisha ile 670,000 itoke kwenye simu yako kabla jua halijazama siku hiyo. Shule ya serikali ina akaunti benki, na mtu mmoja peke yake hawezi kutoa humo. Ziingie huko, karatasi ya benki ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Michango midogo midogo inayofuata, kama benki ni mbali, ipokelewe kwenye mfuko wa kikundi wa simu, kama ule wa M-Koba, ambao mmoja akitaka kutoa lazima wenzake waidhinishe. Kuanzia hapo pasiwe na shilingi ya shule kwenye laini ya mtu binafsi, hata kwa usiku mmoja. Wewe una duka, mwanangu. Mwenye duka ndiye anayehitaji zaidi kutenganisha fedha hizi, kwa usalama wake mwenyewe.

Sasa mapendekezo ya kamati yenu.

La kurudisha watoto nyumbani, hilo lifuteni kabisa, na kama muhtasari una sentensi hiyo, muhtasari usahihishwe. Tangu Januari 2016 shule za msingi za serikali hazina ada wala mchango wa lazima, na Januari 2018 Rais Magufuli alilisema tena kwa ukali: mwanafunzi asirudishwe kwa sababu ya mchango, na mzazi anayetaka kuchangia kwa hiari utaratibu wake upitie kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mkimrudisha mtoto mmoja tu, mwalimu mkuu anaweza kupoteza cheo chake na choo kikafia hapo. Lakini hata kusingekuwa na agizo lolote, hebu mtazame huyo mtoto. Mnataka kujenga choo ili wasichana wasikose shule, halafu mnawakosesha shule ili mjenge choo?

Hiyo 10,000 kwa kaya nayo itazameni vizuri. Ikiwa ni hiari kweli, mkutano wa wazazi uipitishe, muhtasari upelekwe serikali ya kijiji na kwa mtendaji wa kata, ufike kwa mkurugenzi, mpate kibali cha maandishi. Kama mlianza bila hicho, kiombeni sasa.

Bahati nasibu ya mbuzi inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa sheria ya mwaka 2003, na inataka kibali. Na Muheza nayoijua ina Waislamu wengi, ambao kwao hiyo ni kamari. Mtapata fedha za mbuzi mmoja na kupoteza nusu ya wazazi. Muziki wa usiku uwanjani, hapana. Wasichana mnaotaka kuwasitiri ndio watakaokuwa gizani uwanjani. Bahasha mikononi mwa watoto, hapana vilevile: mtoto wa miaka tisa asitembee na fedha za watu njiani, na akipoteza 2,000 atapigwa kwa kosa ambalo ni la wakubwa.

Hapo nimewaondolea yote manne. Tuje kwenye hesabu yenyewe, maana kuna jambo ndani ya barua yako ambalo sidhani kama kamati imeliona. Kaya 260 mara 10,000 ni 2,600,000. Yaani hata kila kaya ingetoa, na wajane wakatoa, na mwenye watoto watano akatoa, mngebaki mnadaiwa 4,600,000. Miezi saba mmegombana na majirani kwa ajili ya mpango ambao ungefanikiwa kwa asilimia mia moja na bado choo kisingesimama. Wazazi hawakukaa na kupiga hesabu hii, lakini wanaihisi. Mtu akiona shimo halina mwisho, anafunga mfuko.

Kwa hiyo mrudieni fundi. Mwambieni aigawe ile 7,200,000 mafungu mawili: vitu vya kununua dukani, na vitu ambavyo kijiji kinavyo. Kuchimba shimo ni mikono. Mawe, mchanga, kusomba maji, kufyatua matofali, kuchoma, kubeba, vyote hivyo ni mikono, na huko kwenu mnao msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tangu enzi za mababu. Kaya isiyo na 10,000 inaweza kuwa na vijana wawili wenye nguvu Jumamosi. Andikeni siku ya kazi kwenye daftari lilelile, na jina lake lisomwe sawasawa na la aliyetoa fedha. Hili msilichukulie kirahisi. Katika zile kaya 189 ambazo hazijatoa, wengi hawakukataa choo. Walikosa shilingi, kisha wakaona aibu kuja mkutanoni, kisha aibu ikageuka kuwa maneno. Wapeni mlango wa kurudi.

Kabla ya jembe la kwanza, nendeni kwa afisa elimu kata na mhandisi wa halmashauri mchukue ramani ya choo cha shule inayokubalika. Nimeona vijiji vikijenga kwa jasho, boma likasimama, kisha halmashauri ikasema shimo liko karibu mno na kisima au chumba ni chembamba, na boma likabaki kuota majani. Mkifuata ramani yao, mna haki ya kuomba mmaliziwe. Utaratibu wa wananchi kufikisha boma kwenye lenta na serikali kuja na mabati na umaliziaji upo kote nchini, na vilevile kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, unaosaidia miradi ambayo wananchi wenyewe wameianza. Mbunge wenu ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Barua yenu iwe na picha ya matofali yaliyokwisha kuchomwa, nakala ya hesabu mliyoisoma, na mstari mmoja wa namba: kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, ninyi mna manne kwa wasichana 208, yaani wasichana 52 kwa tundu. Hata hayo sita yakijengwa mtafika kumi, na mnatakiwa kuwa na kumi na moja. Namba hiyo itasema kuliko hotuba yoyote. Ipelekeni pia kwa benki. NMB na CRDB hutenga fungu la faida yao kwa ajili ya jamii, na madawati na mabati ya shule ni vitu wanavyovitoa mara kwa mara. Wanapokea barua iliyopitia kwa mkurugenzi, basi ipitisheni huko.

Msimlaumu sana mwalimu mkuu wa sasa kwamba hatoi chochote. Ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikihesabiwa 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo 4,000 ni za vitabu. Zinazofika shuleni kwenu, kwa hesabu hiyo, ni kama 2,472,000 kwa mwaka mzima, kwa chaki, mitihani, karatasi na ukarabati. Choo hakimo.

Sasa fedha za dukani: saruji, nondo, mabati, milango, tangi. Hapa nataka msahau mifuko ya wazazi kwa muda na mtazame kilicho shambani. Uko Muheza. Barua nzima umeniandikia na hukutaja chungwa hata moja!

Ombeni kila kaya yenye michungwa itoe mti mmoja, mti wa shule. Watu wanaona uchungu kutoa noti iliyokwisha kuingia mfukoni, lakini matunda yaliyo bado mtini mtu huyatoa kwa moyo mwepesi. Mti ufungwe kitambaa, uandikwe kwenye daftari. Msimu ukifika, msiuze mmoja mmoja. Dalali akija kwa mtu mmoja mwenye shida ya ada ya sekondari ya binafsi au deni la mbolea, bei anaipanga yeye. Akikuta miti sitini ya kundi moja, inayojaza lori bila yeye kuzunguka, mnapanga pamoja. Piga hesabu ya chini kabisa: mti utoe machungwa 300, yauzwe shilingi 50 kila moja, ni 15,000 kwa mti. Miti sitini ni 900,000. Hizo ni zaidi ya zilizobaki mkononi baada ya miezi saba ya kugombana, na zinatoka kwa wanunuzi wa Dar es Salaam na wa Kenya wanaokuja kuchukua machungwa kwenu, hazitoki tena kwa mama yuleyule uliyemdai jana. Uzeni hadharani, siku moja, mhesabu pale pale chini ya mti, na jioni daftari lisomwe.

Asiye na michungwa na ana minazi, atoe mnazi. Asiye na chochote ana msaragambo.

Halafu wako wale waliosoma hapo wakaondoka. Hawa mmewasahau, kama shule nyingi zinavyowasahau. Wako Tanga mjini, Dar, Arusha, wengine wako mbali zaidi, na wengi mnao kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo na ya misiba. Usiwaombe fedha. Waombe mfuko wa saruji. Chagueni duka moja la vifaa vya ujenzi mnaloliamini, mwenye duka akubali kupokea malipo moja kwa moja kwa lipa namba yake, atoe risiti kwa jina la aliyelipa, na mifuko ikae kwake mpaka fundi aihitaji. Mtu wa mbali hajui kama mhazini ni mwaminifu, lakini bei ya mfuko wa saruji anaijua, na risiti anaiona. Mkononi mwako haipiti hata shilingi. Kwa mtu aliyesemwa kama ulivyosemwa wewe, huo ni ulinzi mkubwa.

Na hapa tujifunze kwa kamati za harusi, maana mara nyingi nasikia watu wakilalamika kwamba Mtanzania anatoa 50,000 ya harusi na hawezi kutoa 5,000 ya shule. Nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi na sioni kwamba ni ubahili. Harusi ina tarehe. Harusi ina kadi yenye jina lako. Kuna mtu mmoja aliyepewa majina kumi, na wewe ni mmoja wa kumi wake, anakupigia simu, anakukumbusha kwa adabu, anakushukuru ukitoa. Kila kikao wanasoma tulipofika na kilichobaki. Na siku ikifika unakwenda, unakula, unaona. Choo chenu hakina tarehe, hakina kadi, na mtu pekee wa kukumbusha watu 260 ni wewe. Gaweni majina. Wanakamati kumi na watatu, kila mmoja kaya ishirini, za jirani zake mwenyewe. Wekeni tarehe ya kumwaga zege, na iandikwe kwenye kadi.

Zile ahadi za harambee nazo ziko hapa. Zimebaki 1,985,000. Msiziandike kwenye barua kali wala msizitangaze msikitini au kanisani kumwaibisha mtu. Watu wazima wawili waende nyumbani kwa kila aliyeahidi, wakae, wanywe maji, waseme: ulituahidi 100,000, tumekuja kuuliza kama unaweza kuigeuza iwe mifuko mitatu ya saruji mwezi huu na mingine baadaye. Aliyeahidi kwa kusukumwa na makofi atapata nafasi ya kutoa anachokiweza. Asiyeweza kabisa, mfuteni kwa heshima, yaishe. Na msirudie harambee ya turubai mpaka muwe na boma la kuonyesha. Mlitumia 280,000 kupata 310,000.

Chai na maandazi siku za gulio, mezani kwa UWAWA, ni jambo zuri kama kuna akina mama wanne wa kupokezana. Zitaleta kidogo kidogo, labda za misumari na kufuli. Usiweke tumaini lote hapo, na usikubali iwe wewe peke yako unayekanda unga.

Nimelibakiza hili la mwisho kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi tangu nisome barua yako. Binti yako yuko la sita. Hata mambo yakienda vizuri, michungwa ikazaa, saruji ikaja, halmashauri ikaleta mabati, choo hicho huenda kikafunguliwa yeye akiwa ameshamaliza shule. Siku tatu kila mwezi, mpaka la saba. Na wenzake hivyohivyo.

Kwa hiyo siku ya mkutano, baada ya kusoma daftari, simama uombe kibali cha wazazi kutumia sehemu ya ile 670,000 sasa hivi, wiki hiyohiyo. Mlango wa lile tundu, na komeo kwa ndani, na makomeo kwa matundu mengine. Gata kwenye paa la darasa lililo karibu na choo, na tangi la lita 1,000 chini yake, maana mvua huko kwenu mnazo. Ndoo yenye mfuniko ndani ya choo ya kutupia pedi, na mwalimu wa kike mwenye kabati lenye pedi chache, sabuni na sare moja ya akiba, ambaye kila msichana anajua anaweza kumwendea bila kueleza mengi. Fedha hizo zinatosha na chenji inabaki. Usitumie bila ridhaa ya mkutano, kwa sababu zilichangwa kwa ajili ya choo kipya. Lakini ukiwaeleza akina mama waliopo pale kwa nini unaomba, sidhani kama watakataa. Wao pia wana mabinti wanaoumwa kichwa.

Mlango ukishasimama, waalike wale 71 waje waushike. Uwaalike na ambao hawakutoa.

Mwanao naye, usingoje akuambie. Mwite jioni, mkiwa wawili, umwambie kwamba unajua si kichwa, na kwamba mama ndiye anayehangaikia mlango ule. Kama kuna mwenzake wa la saba anayemwamini, waende na kurudi pamoja siku hizo.

Mkutano uwe Jumamosi asubuhi kabla watu hawajatawanyika kwenda mashambani. Beba daftari, risiti za turubai na chakula hata kama zimekunjamana, na mtu wa kukusindikiza benki. Mumeo akikubali, awe yeye. Halafu niandikie, uniambie kaya ngapi zimefunga kitambaa mtini.

Shangazi